Waya wa Breki Kwenye Gitaa la Kwaya

Gitaa lenyewe halikuwa langu. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma mahali pasipotakiwa. Lilikuwa la kwaya ya kanisa letu hapa Gendabi. Mpigaji wake alikwenda Mirerani kutafuta tanzanaiti, akaaga kwamba anarudi baada ya wiki mbili, na mpaka leo naandika hizo wiki mbili hazijaisha. Gitaa likabaki limeegeshwa nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo, linakula vumbi.

Kwaya ya Dirma wakasikia. Wakatuma salamu kwamba kama sisi hatuna mpigaji, basi tuwaazime. Mwalimu wetu wa kwaya aliijua maana ya kuazima. Kitu kikiazimwa na kanisa jirani unakuwa unakiona tu kwenye sikukuu, kimepakwa mafuta, na huna uso wa kukidai. Basi jioni moja baada ya mazoezi akatuangalia vijana wote, akauliza nani anajua gitaa. Nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini. Mkono wangu tangu shule ya msingi una tabia ya kunyooka kabla kichwa hakijaulizwa, ndiyo maana nilimaliza la saba nikiwa nimechapwa kuliko wenzangu na nimefaulu kuliko wachache sana.

"Unajua?" mwalimu akauliza.

"Najua kidogo, mwalimu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kulishika."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema nitakaa nalo mpaka Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo kwaya itaimba nyimbo tatu. Gitaa likienda sawa na kwaya bila kuiharibu, linabaki Gendabi na mimi ndiye mpigaji. Lisipoenda, Jumatatu linapanda baiskeli kwenda Dirma. Wakati anasema hivyo mahindi yalikuwa hayajapandwa hata mbegu moja, nikaona muda upo, mavuno yako mbali kama uzee.

Ilikuwa kipindi kilekile tulichoambiwa sisi siyo Arusha tena, sasa ni Manyara. Tulilala mkoa mmoja tukaamka mwingine, na kitanda hakijasogea. Baba alikuwa ameshazoea kuandika Arusha kwenye bahasha, akawa anaandika, anafuta, anaandika tena, halafu barua haiendi. Kwa hiyo kuchanganyikiwa hakukuwa kwangu peke yangu. Ila mimi nilizidisha.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya koti. Dada yangu alininunulia koti la mtumba kwenye mnada wa Katesh, zito, la mtu mnene kuliko mimi mara mbili. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kigumu. Mama akasema ni pesa ya Ulaya. Nikachomoa kaseti. Haina kasha, na maandishi yake yamelika, huwezi kujua ni ya kwaya au ya matangazo.

Nikaiweka kwenye redio ya baba. Akaanza mtu kupiga gitaa kavu na kuimba kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka. Chini kulikuwa na mdundo unatembea, dum, dum, dum, dum, hauchoki. Juu yake nyuzi nyembamba zinajibu, zinacheka, zinanyamaza, zinaanza tena kabla hujategemea. Sikujua Kiingereza cha kuelewa anasema nini, lakini nilielewa kwamba ana shida na hana haraka nayo.

"Wako wawili," nikamwambia dada, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Mmoja anapiga besi, mwenzake anapiga juu."

Akasikiliza. "Watatu," akasema. "Kuna mmoja anakohoa."

Wiki iliyofuata nikaipeleka kaseti kwa muuza kanda mmoja pale Katesh. Akaisikiliza nusu dakika, akaitoa. "Hii bluzi," akasema. Sasa sisi bluzi tunaijua, ni ule muziki wa polepole harusini, bwana na bibi harusi wameshikana kama magunia mawili yanayoegemeana. Nikamwuliza, hii mtu anachezaje na bibi harusi? Akasema hii ni bluzi yenyewe, ya watu weusi wa Marekani, ya huzuni, na kama sinunui kitu nisimzuie wateja. Nikaondoka sijajua zaidi ya nilivyokuja.

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Nyimbo za kwaya nitajifunza, sawa, lakini kile kitu cha kwenye kaseti lazima kitoke kwenye lile gitaa kabla halijanyang'anywa.

Sasa nikueleze gitaa lilivyokuwa. Nyuzi zake ni sita. Tano zilikuwa za dukani. Ya sita, ile nene ya besi, ilishakatika zamani, na mpigaji wa Mirerani alikuwa ameweka waya aliouchomoa kwenye breki ya baiskeli. Ulilia vizuri tu, kama unataka kukusimamisha mteremkoni. Shida ilikuwa sikio lake, kile kitu unachozungusha kukaza. Lilikuwa limelika meno. Unaukaza waya asubuhi, mchana umeshuka wenyewe. Kila siku kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kunawa uso, ni kuupandisha ule waya.

Na nilikuwa nikiupandisha mpaka wapi? Hapo ndipo palipokuwa na mtihani.

Ili upige kama kaseti lazima gitaa lifanane na kaseti. Nikaanza kutyuni, kupanga sauti za nyuzi, kwa kuifuata. Siku ya kwanza ilikuwa jioni na betri za baba zilikuwa zimechoka, mtu wangu anaimba kwa sauti ya dume lililokula pumba likalala. Nikalegeza nyuzi zote sita mpaka zikawa kama kamba za kuanikia nguo. Nikalala nimeridhika. Kesho yake nikapanda juu ya bati, nikaanika zile betri juani, kama kila mtu anavyofanya, ili zipate nguvu. Nikazirudisha mchana. Yule mtu akawa ameamka, anaimba juu, anakimbia. Nikakaza nyuzi zote. Jioni akashuka, nikalegeza. Siku ya mawingu sikujua hata nifanye nini.

Wiki tatu nilifuata jua. Gitaa langu lilikuwa linapanda na kushuka kama bei ya vitunguu, na mimi nikadhani ndivyo wapigaji wote wanavyoishi.

Jumamosi mazoezini nikakutana na mtihani wa pili. Mwalimu wetu alikuwa anasoma nota za do re mi, na hiyo do anaitoa kooni kwake mwenyewe. Anafumba macho, anasema "dooo", na kwaya yote inapanga sauti kuanzia hapo. Nikaweka gitaa kwenye hiyo do yake. Jumamosi iliyofuata alikuwa na mafua, akatoa do nyingine, iko shimoni.

"Mwalimu, samahani. Wiki iliyopita do ilikuwa juu ya hapa."

"Do ni do," akasema.

"Ndiyo mwalimu, lakini ipi?"

"Wewe unataka kunifundisha do?"

Nikasema hapana. Nikarudi nyumbani na watu watatu wa kunidanganya: betri, koo la mwalimu, na waya wa breki. Na kila mmoja ana uhakika kuliko mwenzake.

Kulikuwa na mama mmoja jirani, wa wafugaji, aliyekuwa analeta maziwa kwenye kibuyu kila asubuhi kubadilishana na unga. Alikuwa ananikuta nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nakaza waya huku nimetoa ulimi nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mtoto ya jembe, bado unanyonga hiyo kitu?"

"Naitengeneza mama, inashuka."

Akasimama akasikiliza. "Kila siku nasikia hii mkubwa inashuka, wewe inapandisha. Ng'ombe ikitaka kulala, unaiacha ilale."

Nikafikiri ameniambia jambo kubwa. Nikamwuliza ana maana gani kuhusu gitaa. Akasema hana maana yoyote kuhusu gitaa, amefuata unga wake, na yuko haraka, na kelele yangu inafanya ndama wake wasinyonye.

Msimu wa kupanda ukafika nikaacha gitaa, nikashika ng'ombe. Kwetu ni hivi: baba anashika plau nyuma, mimi natangulia naongoza ng'ombe, dada anafuata mfereji anadondosha mbegu. Alikuwa amejifunga vibakuli viwili kiunoni. Mkono wa kulia anadondosha mahindi, kila hatua moja. Mkono wa kushoto anadondosha maharage katikati ya mahindi, siyo kila mahali, pale anapoona pamekaa vizuri. Na mdomo wake wakati huohuo ulikuwa unanitukana mimi kwa sababu nilikuwa napinda mistari. Hakukosea mbegu hata moja. Hakuangalia hata mikono.

Nikasimama. Ng'ombe wakasimama.

"Mbona umesimama?" baba akauliza.

"Nimeelewa kitu, baba."

"Elewa unatembea."

Nikatembea, lakini kichwa kilikuwa kimebaki pale. Yule mtu wa kaseti hakuwa na mwenzake. Kidole gumba kilikuwa kinapanda mahindi, kila hatua, hakijali kitu. Vidole viwili vilikuwa vinapanda maharage katikati. Na mdomo wake ulikuwa unalalamika. Alikuwa mmoja. Nikamwambia dada. Akasema sasa yule anayekohoa je, nikasema ni yeye huyohuyo, akasema basi amezidiwa kazi.

Nilipopata nafasi nikaanza kufundisha kidole gumba. Ni kigumu kuliko ng'ombe. Kikitembea chenyewe kinatembea, vidole vingine vikiamka tu chenyewe kinasimama kuviangalia. Nilikuwa nachunga huku napiga paja: gumba, gumba, gumba, gumba. Kanisani nilipiga paja mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nina upele. Ilichukua wiki nyingi, siwezi kusema ngapi, lakini mahindi yalikuwa yameshanifika kifuani gumba lilipokubali kutembea bila mimi.

Na bado kitu hakikufanana. Mwendo ulikuwa wenyewe, sauti siyo. Kwenye kaseti ule mdundo wa chini ulikuwa mzito, unashika ardhi. Wangu ulikuwa unaning'inia.

Pasaka ilipokaribia baba akanunua betri mpya kwa ajili ya kusikiliza ibada redioni. Akatupiga marufuku kugusa. Nikasubiri siku alipokwenda mkutano wa kijiji, ambao kwetu ukianza unajua utakuta ng'ombe wamesharudi. Nyuzi za dukani nilikuwa nimeshazirudisha kwa kukumbuka alivyozipanga mpigaji wa Mirerani. Nikaupandisha waya kama kila siku, nikaweka kaseti, nikaanza kulinganisha uzi mmoja mmoja. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu, wa nne, wa tano, sawa sawa sawa. Nikashangaa. Kumbe betri zikiwa na nguvu zake za kweli, mtu wangu na gitaa la kawaida ni ndugu, na wiki zote zile za kupanda bati nilikuwa nacheza. Nikafika wa sita. Ukakataa. Wangu uko juu, wa kwake uko chini.

Nikaukasirikia ule waya. Nikaukaza zaidi, ukawa mbaya zaidi. Nikaliweka gitaa chini nikaenda kukata majani ya ng'ombe, maana nilihofia nitaipiga teke mali ya kanisa.

Niliporudi nikawasha kaseti tu nisikilize, nimekata tamaa, nikagusa waya na kidole bila kukusudia. Ukafanana. Ulikuwa umeshuka wenyewe wakati nakata majani. Nikaugusa tena. Uko palepale na mtu wangu. Nikagusa wa nne, wa dukani, nikasikia wa sita na wa nne wanasema kitu kimoja, mmoja kwa sauti ya baba, mwingine kwa sauti ya mtoto. Gumba likaanza kutembea kati yao, na chini pakawa na ardhi.

Nilikaa pale na sikujua nicheke au nilie. Yule mtu alikuwa ameshusha uzi mmoja tu, kwa makusudi. Na gitaa la kwaya lilikuwa linanipa hicho kitu kila mchana, bure, na mimi kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikuwa nalirekebisha.

Baba akafika mkutano umeisha mapema. Akasikia redio. Mengine ya siku ile hayahusu muziki.

Sasa ungedhani shida zimekwisha. Zikaanza za kwaya. Nyimbo za kwaya nilikuwa nazipiga kwa mikono ile niliyoiona kwa mpigaji wa Mirerani, yaani jinsi ya kupanga vidole, na ile mikono inataka waya uwe juu. Ukiwa chini, ukishika vilevile, inatoka sauti kama mtu amekanyaga bata. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Ijumaa waya ulikuwa chini kwa ajili ya Mmarekani, Jumamosi nauvuta juu kwa ajili ya mwalimu. Waya wa breki siyo wa kuchezewa hivyo. Ukaanza kufumuka, nyuzinyuzi zake zinanichoma kidole.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Mavuno, katikati ya mazoezi, nikauvuta, ukatoa sauti ndogo, tik. Nusu ya nyuzinyuzi zimekatika, nusu zimeshika.

"Nini hicho?" mwalimu akauliza.

"Ni baridi mwalimu."

Akaja kuangalia. "Kaza."

"Nikikaza unakatika wote."

"Basi legeza."

"Nikilegeza nyimbo zetu zinaharibika."

Alikuwa na mafua tena, msimu wa baridi ule, pua inamtiririka. "Uache chini. Kesho usiuguse kabisa. Piga zile tano," akasema. "Na kijana, Dirma wanakuja kesho. Mimi siwezi kuwanyima tena."

Walikuja kweli. Benchi la pili alikaa mwalimu wao wa kwaya, mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, na jamaa mmoja mkubwa aliyekuja na gunia tupu amelikunja vizuri magotini. Nilielewa gunia ni la nini.

Mbele ya madhabahu palikuwa pamejaa: magunia ya mahindi, maboga, mbaazi, mikungu, kuku wamefungwa miguu, beseni la mayai. Baridi ya mlimani ilikuwa imetushukia na kila mtu anaimba moshi mdomoni.

Wimbo wa kwanza niliharibu. Nilikuwa nimeambiwa nisiuguse waya, lakini gumba nilikuwa nimelifundisha miezi lisinisikilize, na halikunisikiliza. Likaupiga. Waimbaji wenzangu wa sauti ya besi wote wakanigeukia kama ng'ombe walioona gari. Kwaya ikayumba, ikashuka, ikamaliza mahali ambapo haikuanzia. Jamaa wa Dirma akaanza kulikunjua gunia.

Wimbo wa pili nililikunja gumba ndani ya ngumi, nikapiga kwa vidole tu. Hakuna aliyekosea. Ilikuwa kama ugali bila mboga, unashibisha, hauombi kuongezwa. Mmoja mbaya, mmoja mzima. Umebaki wa tatu, wimbo wa kutoa sadaka, watu wanapopita mbele na vitu vyao.

Mwalimu akafumba macho kutoa do. Na yale mafua yake yakaitoa chini, chini kuliko siku zote, na ikaangukia pale pale kwenye waya wangu. Nilisikia gitaa linatetemeka tumboni kwangu kabla sijaligusa. Sikupanga. Kama angekunywa tangawizi asubuhi ile, labda nisingekuwa na cha kuandika.

Nikalifungulia gumba. Kwaya wakaingia, na safari hii chini palikuwa na ardhi, besi wakakaa juu yake. Watu wakaanza kupita. Lakini mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule na mstari ulikuwa mrefu. Beti zikaisha, mstari haujafika hata nusu. Mwalimu akanizungushia kidole: endelea wewe. Peke yangu nilikuwa najua kitu kimoja tu duniani. Nikaanza kupanda mahindi. Halafu maharage. Wale kina mama wenye maboga kichwani wakapunguza mwendo, wakaanza kukanyaga pale gumba linapokanyaga, polepole, bila kuangaliana, mpaka mstari wote ukawa unatembea kwa huzuni ya mtu wa Marekani ambaye hakuna aliyemjua jina. Mwalimu wetu alikuwa ameacha kuzungusha kidole. Mikono ameishusha tu, ananiangalia. Yule jamaa wa Dirma akalikunja gunia lake tena, akalikalia.

Hapo, mstari umebaki watu wawili watatu, ndipo kondoo alipochomoka.

Alikuwa wa familia moja ya nyuma, dume, amefungwa kamba mbovu. Akapita katikati ya mstari, beseni la mayai liko mbele yake, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sikufikiri. Nililiegesha gitaa kwenye kitu cha karibu, nikamrukia kondoo, nikamshika pembe, tukaanguka wote wawili, mayai yakapona. Watu wakacheka, nikainuka nimejaa manyoya, najiona shujaa.

Nikageuka. Gitaa lilikuwa limeegemea magunia ya mahindi, kati ya boga na mbaazi, mbele ya madhabahu. Na mchungaji alikuwa ameshanyoosha mikono anaombea sadaka.

Kwetu kilichofika pale mbele na kikaombewa hakirudi. Hata ukiweka kofia yako kwa bahati mbaya, utaikuta nje kwenye mnada baada ya ibada, unaweza kuinunua kama una ubavu. Nilijua hilo tangu utoto. Nilijua na nilisimama pale na kondoo mkononi, nasikia "amina", na mkono wangu ambao siku zote unanyooka bila kuulizwa, siku ile haukunyooka.

Baada ya ibada nikamfuata mzee wa kanisa aliyekuwa anatoa vitu nje.

"Shikamoo mzee. Lile gitaa siyo sadaka."

"Marahaba. Lilikuwa wapi?"

"Mbele, lakini..."

"Limeombewa?"

"Limeombewa."

"Sasa wewe unataka kumnyang'anya nani?" akauliza, kwa upole kabisa, akaendelea kupanga maboga.

Mwalimu wetu alikuja akasimama kando yangu. Sikuweza kumwangalia.

"Umefaulu," akasema.

"Asante mwalimu."

"Ila hakuna cha kupiga."

Mnada ulipofika kwenye gitaa, watu wetu wakajaribu kwanza. Baba yangu, ambaye sikutegemea, aliongeza debe la mahindi. Dada akaongeza kuku wake wa mayai, na alinikodolea macho ili nisisahau maisha yangu yote. Lakini Dirma walikuwa wamekuja wamejiandaa kulisafirisha, kulinunua ilikuwa hatua ndogo tu. Wakalichukua. Watu wakapiga makofi, maana ndiyo desturi, hata mimi nilipiga.

Mwalimu wa Dirma akalishika, akapitisha kidole kwenye nyuzi, akakunja uso, akaweka mkono kwenye sikio la waya.

"Usikaze, mwalimu," nikasema. "Shikamoo. Usikaze hiyo."

"Marahaba. Mbona imelegea?"

"Haijalegea. Ndiyo mahali pake."

"Nani kakwambia?"

Nani kaniambia? Kaseti isiyo na kasha, kwenye koti la mtu mnene. "Mtu mmoja," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Akanitazama, akamtazama mwenzake mwenye gunia. "Ile uliyopiga pale ndani, wewe ndiye uliyekuwa unapiga yote? Au kuna mtu alikuwa nyuma?"

"Nilikuwa mwenyewe."

"Kwetu hakuna anayejua hiyo."

"Naweza kuja kuwaonyesha."

"Sisi tumenunua gitaa, hatukukununua wewe."

"Mimi sina bei, mwalimu."

"Kweli hana," dada akasema nyuma yangu. "Tumejaribu."

Yule mfupi akacheka kidogo, wa kwanza kucheka kati ya walimu wote wa kwaya niliowahi kuwajua. Akasema Jumamosi, saa nne, nije na chakula changu kwa sababu kwao hawalishi wasanii. Jamaa mkubwa akalifungua gunia, akaliangalia gitaa, akaangalia ule waya uliobaki nusu, akanipa mimi gitaa. Akasema nibebe mpaka kwenye baiskeli, yeye anaogopa, asije akaambiwa ndiye aliyeukata.

Nikalibeba. Tulipita mbele ya mlango wa kanisa, na mwalimu wetu alikuwa amesimama pale na vitabu vya nyimbo kifuani, anajipangusa pua. Nilitaka kumwomba msamaha na nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumwuliza kama mtu anaweza kuwa wa kwaya mbili. Sikujua kipi kinatangulia. Basi nikamwamkia shikamoo, ingawa asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia. Akaniangalia, akaangalia gitaa, akaitikia marahaba.